Misumari Thelathini na Mmoja Juu ya Paa la Trela

Shively, mwezi wa tano, 2016

Shemeji Evarist,

Sikuulizi hali, wala sijifanyi kwamba barua hii ina mahali pa kufikia. Naandika kwa sababu kuna neno nililotakiwa kukuambia ukiwa hai, na wewe pia ulikuwa na lako ukanificha. Tangu tukuzike Columbus sijapata mtu wa kugombana naye. Dada yangu Beatrice, mkeo, nikimsogelea na mambo haya analia kabla sijafika katikati. Basi nagombana na karatasi. Na naandika Kiswahili makusudi. Kirundi tulikitunza kwa ajili ya posa na misiba, lakini utani wetu wote tangu kambini Tanzania ulikuwa wa Kiswahili, nami nataka unisikie kwa sauti uliyoizoea.

Habari ya kwanza: trela limekwisha kutengenezwa. Futi ishirini na saba, pauni elfu sita na mia nane likiwa tupu. Wiki tatu zilizopita nililivuta mwenyewe mpaka Buffalo, maili mia tano na arobaini kutoka hapa kwangu, nikapitia kwenu Whitehall, ubavuni mwa Columbus, kumchukua Beatrice. Kila maili sitini nilisimama, nikashuka, nikagusa katikati ya magurudumu kwa kiganja, maana beringi ikikosa grisi joto lake huanzia hapo. Yote manne yalikuwa vuguvugu tu. Ungekuwepo ungesema, "Fundi, unasafiri au unapima watu homa?"

Lakini hukuwepo, Shemeji. Na sehemu kubwa ya sababu ni mimi.

Niruhusu nianze mwanzo. Nimeirudia hadithi hii kichwani mara nyingi mno, bora niishushe chini nione ina uzito gani.

Binti yako Nadine alipoolewa na Thierry huko Buffalo, wewe ulienda Indiana ukanunua trela kwa mzee mmoja aliyechoka kusafiri. Hukuniuliza. Mimi ambaye uwanja wangu unajaa matrela ya watu kila Jumamosi, mimi niliyejifunza kazi hii peke yangu kwa kukata na kukosea, nilipata habari kwa simu kama mtu baki. "Ni jepesi, Melkiadi! Pikapu yako italivuta kama mkokoteni." Nikakujibu, "Shemeji, likiwa jepesi ujue kuna kitu hakikuwekwa." Ukacheka. Ukadhani ni wivu.

Haikuwa wivu. Ni lile trela la aina ambayo shingo yake inapanda juu ya pikapu na kuuma katikati ya bodi. Nayafahamu. Ili yawe mepesi, ukuta wake unakuwa ganda la fiba lililobandikwa kwa gundi kwenye plaiwudi nyembamba kama kidole cha mtoto, na paa lake ni shuka ya mpira tu. Bolti za springi zinazunguka ndani ya plastiki, na tairi zake zinatosha kulitoa kiwandani, si zaidi. Trela la namna hiyo halimfii mtu mara moja. Linataka mwenyewe anayepanda juu kila majira akaangalia mishono. Wewe uliliegesha nyuma ya kanisa Whitehall, kwa kuwa mafleti yenu hayakubali matrela, ukalifunga ukaenda zako kazini.

Na sababu ya kulinunua? Hapo ndipo nilikuwa nakuchokoza kila siku. Ulisema mzazi wa msichana halali chini ya paa la mkwewe. Hawezi kukuta taulo ya mkwe bafuni, hawezi kumkuta mkwe asubuhi na kaptula. Wenzetu wengi hapa Amerika wameshaacha hayo. Wewe hukuacha. Nilikuambia barabarani kuna hoteli kila kona, ukaja juu: "Nitoke Columbus kumwona mtoto wangu halafu nikalale hotelini kama dereva wa lori? Nitakwenda na nyumba yangu. Nitaegesha uani kwa Thierry, nitaamka kwangu, nitabisha hodi kwake kama mgeni mwenye heshima."

Mwezi wa pili mwaka jana Nadine akajifungua Yvan, njiti wa miezi saba, mdogo kama mkate. Daktari akakataza safari ndefu mpaka anenepe. Kwa hiyo yeye asingeweza kuja kwako. Ilibidi wewe uende kwake. Ukaniita nije nilichukue trela, nilikague, tuondoke.

Jumapili ile ya mwezi wa nne nilipanda juu ya paa nyuma ya kanisa. Nikakuta turubai la bluu limetandikwa toka mbele mpaka kwenye tundu la hewa la bafuni, limepigiliwa misumari. Kila msumari umevalishwa kizibo cha soda ili turubai lisichanike. Nikahesabu. Thelathini na mmoja.

Kilichotokea nilikielewa palepale. Mwezi wa kwanza uliona maji yakidondoka juu ya kitanda. Badala ya kunipigia simu ulifanya kile ambacho kila mwanamume alikifanya kambini: turubai, misumari, vizibo. Lakini kambini turubai ndilo lilikuwa paa lenyewe, tena lilikuwa limeinama, maji yakishuka yanakwenda zake. Hapa chini ya turubai lako kulikuwa na paa jingine la mpira, tambarare. Ulilitoboa mara thelathini na moja ukidhani unalitibu, na theluji ikakaa juu yake wiki nane ikiyeyuka kidogo kidogo.

Ningeshuka nikakuambia kwa sauti ndogo. Sikushuka. Watu walikuwa wanatoka ibadani, nami nikasimama pale juu kama mhubiri nikapaza sauti: "Jamani njooni muone! Shemeji yangu ameezeka trela kwa turubai la wakimbizi! Bado mgao wa mahindi tu!"

Walicheka wote. Mama mmoja wa kwaya alishika mbavu. Na wewe ulicheka, Shemeji, shemeji hakasirishwi na utani wa shemeji. Lakini ulivua kofia ukaanza kuifuta ndani kwa leso, na haikuwa na jasho. Ilikuwa nyuzi arobaini na tano za hapa, baridi. Niliona. Nikaendelea.

Kitu ambacho sikuwaambia wale watu nikuambie wewe. Baba alipokufa kambini mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuja kwetu hata posa hujaleta, umebeba vizibo kwenye soksi, ukamuezekea mama nyumba siku moja. Paa lile lilikaa miaka tisa. Hakuna usiku hata mmoja mama alihamisha kitanda kwa ajili ya mvua. Nilikumbuka hilo nikiwa juu ya trela, ngazi bado imeegemea, mdomo wangu wazi. Nilikumbuka, na nilicheka hivyo hivyo.

Nikalivuta mpaka Shively. Nikakuahidi Jumamosi nne.

Na kwa Jumamosi nne nilifanya kazi ya kweli. Niling'oa turubai na misumari. Nilikwangua silikoni uliyopaka pembeni, maana mpira wa paa hauishiki silikoni na gundi nyingine yoyote inaikataa. Nikaziba tundu moja moja, nikabandika utepe wa paa juu ya mshono wa mbele, nikamwaga gundi yake inayojitandaza. Nikabadilisha tairi zote nne nikaweka za kubeba zaidi. Nikafungua beringi, nikaziosha, nikazijaza grisi. Bolti za springi zilikuwa zimetafuna plastiki yake zikaanza kula chuma, matundu yamekuwa na umbo la yai. Nikaweka nyingine zenye shaba na mahali pa kupigia grisi. Nikalala chini ya shingo na tochi nikitafuta ufa kwenye fremu. Hakuna.

Jumamosi ya nne jioni trela lile lilikuwa tayari kwenda Buffalo. Nakuandikia bila kupepesa. Nilijua kwamba liko tayari.

Nilikuwa nakusanya spana nikaegemeza kidole gumba kwenye ukuta wa kushoto, karibu na choo. Kikazama. Ganda lilikuwa limeachana na plaiwudi, upana wa futi moja na nusu, limetuna kama chapati. Halikuwa jambo la hatari. Lilikuwa baya tu kutazama, na ndani palinuka. Nikachukua kisu. Nikaanza kuyafuata maji, na mimi nikianza kuyafuata maji sijui kusimama. Kutoka ukutani yakanipeleka sakafuni, sakafuni yakanipeleka chini ya choo, chini ya choo yakanipeleka kwenye kile chumba kinachotoka ubavuni ukibonyeza swichi, nikakuta raba zake zimekauka. Kufikia Jumamosi ya sita trela lako lilikuwa na shimo ambalo mbwa angepita amesimama.

Kila Jumatano ulipiga simu. "Fundi, mgonjwa anaendeleaje?"

"Bado, Shemeji."

"Haya. Mungu akutie nguvu."

Hukuniharakisha hata mara moja. Mimi nikachukua upole wako nikautumia kama ruhusa. Jumatano moja, nikiwa nimechoka, nilikutupia neno: "Ungeniuliza kabla hujapiga misumari yako, saa hii ungekuwa Buffalo umempakata mjukuu." Halafu ukasema, "Ni kweli, Shemeji. Ni kweli." Nikaona nimeshinda.

Jumamosi ya saba ulikuja mwenyewe kwa lifti ya kijana mmoja wa kwaya. Ulikaa juu ya ndoo ukanishikia tochi saa tano nzima. Ulipopanda ngazi za trela, ngazi tatu, Shemeji, tatu tu, ulisimama mlangoni ukashika fremu kwanza kabla ya kuingia. Nikakuambia, "Uzee huo." Ukaniambia, "Presha kidogo."

Presha kidogo! Mwezi wa tatu daktari alikuwa amekuambia moyo wako unasukuma damu kwa asilimia ishirini tu. Beatrice alinieleza tukiwa tayari tumevaa nguo za mazishi. Mimi ni mtu wa namba. Unanijua. Ulinipa urefu wa trela, uzito wa shingo yake, upana wa geti la Thierry mpaka inchi. Namba moja hukunipa. Ungenipa hiyo ishirini, ningefunga lile shimo kwa plaiwudi mbichi na skrubu kumi na mbili, ningepiga rangi yoyote, tungeondoka kesho yake.

Hasira yangu na wewe ni hiyo. Nimeibeba mwaka mzima.

Jumanne baada ya Jumamosi ya kumi, Beatrice alipiga simu. Ulikuwa unafunga kamba za viatu uende kazini ghalani, ukainama, hukuinuka. Niliendesha kutoka hapa mpaka Whitehall, maili mia mbili na kumi, kwa saa tatu na dakika tano, na pikapu tupu. Kumbe njia ilikuwa nyepesi hivyo.

Nadine na mumewe walikuwa wamepanga kumleta mtoto mwezi wa saba. Wakamleta mwezi wa sita. Alipitishwa mbele ya jeneza mikononi mwa mama yake, ana kofia ya njano, akapiga miayo. Sijui kama kuna namna ulimwona. Yeye alikuona.

Kwenye msiba nilisikia watu. "Kama si Melkiadi na ukuta wake." Niliumia, kisha nikarudi nyumbani nikachukua daftari langu la kazi nikajumlisha ili niwe na jibu. Saa tisini na sita zote. Za usalama, thelathini na nne. Sitini na mbili zilizobaki ni ukuta. Wale watu walikuwa wamekosea kidogo sana.

Trela lilikaa chini ya kifuniko mpaka mwaka huu mwezi wa tatu. Nilipolifungua nikakuta kazi iliyobaki ni ya saa kumi na nne. Nikaifanya kwa Jumamosi tatu, polepole, redio imezimwa.

Halafu Beatrice akasema anataka kumalizia kilio chako Buffalo, mjukuu akiwa mapajani. Ndiyo ile safari niliyokuambia.

Tulifika mchana. Nililirudisha nyuma uani kwa Thierry, geti likaniachia inchi saba kila upande kama ulivyopima. Thierry alileta maji, akasimama mbali na mama mkwe wake kama anavyotakiwa, kijana wa adabu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia, "Mkwe, trela hili nililichelewesha mimi. Mzee alikufa akilisubiri. Naomba mnisamehe wewe na mkeo."

Thierry akamwangalia Nadine. Nadine akamkabidhi mtoto kwa bibi yake.

"Mjomba," akasema, "baba hakuwa anasubiri trela."

"Alikuwa anasubiri nini?"

"Alikuwa na pa kulala tangu Pasaka. Mzee Salvatori, shemasi wetu, nyumba ya tatu kutoka hapa, ana chumba hakina mtu. Alimwita baba kwa simu yeye mwenyewe. Baba alikubali. Halafu baada ya wiki akakataa."

Nikamuuliza kwa nini. Nadine hakutaka kusema, nikambana. Ndipo akanirudishia maneno yako, na alikuwa na sauti yako kabisa, ile ya kukohoa kwanza: "Nikienda kulala kwa Salvatori, Melkiadi ataona nimemkatia tamaa. Nilimharibia kwa misumari yangu, akatoka jasho kwa ajili yangu. Acha amalize. Nataka aingie Buffalo anavuta kazi yake, watu waone shemeji yangu ni fundi wa namna gani."

Nilikaa kwenye ngazi ya trela. Beatrice akasema, "Melki, kunywa maji." Sikuyanywa.

Kwa hiyo zile Jumatano zote. Ulikuwa hunivumilii mimi, ulikuwa unalipa kile kicheko. Nilikucheka mbele ya kanisa zima, nawe ukaamua kunisubiri ili nisifiwe mbele ya mji mzima. Na ulikuwa na moyo wa asilimia ishirini wa kufanyia hesabu hiyo. Shemeji, hesabu gani ile? Ni nani aliyekufundisha? Ungesema "haraka" mara moja tu. Ningekutukana, ningelalamika, ningekuja.

Jioni ikaja habari ya kulala. Nikasema, "Beatrice, kitanda chako kiko tayari kwenye trela, shuka mpya." Dada yangu akiwa na mtoto begani akanijibu mbele ya mkwe wake, "Mimi nimechoka. Nipeni kochi." Thierry hakubishana. Alikwenda chumbani, akatoka na blanketi na mswaki wake, akasema, "Mama alale ndani na Nadine. Mimi nitalala na Mjomba nje." Basi. Mkwe akatoka, mkwe akaingia, heshima ya kila mtu ikabaki salama. Dakika mbili. Sisi wawili tulishughulika na jambo hilo miezi mingapi, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba kijana angeweza kubeba blanketi?

Kesho yake mchana ikanyesha mvua ya ziwa, ile ya upande upande. Tulikuwa ndani ya trela, mimi, Thierry na Yvan, anayetembea sasa kwa kushika kila kitu. Thierry alipitisha kiganja kwenye ukuta wa kushoto kutoka juu mpaka chini, akapitisha na sakafuni karibu na choo. Akageuka anacheka: "Mjomba, hakuna hata tone!"

Ukuta ni mkavu, Shemeji. Ni ukuta bora kuliko wote niliowahi kuufanya, na natamani ungekuwa unavuja juu yako wewe.

Kazi naendelea nayo. Ila sasa mtu akileta trela, nachora mstari katikati ya karatasi. Juu naandika kinachoweza kuua watu barabarani. Chini naandika kinachoudhi macho. Nikimaliza vya juu namrudishia ufunguo, namwambia, nenda kwanza. Mzee mmoja alikasirika, akasema nimemwachia doa darini. Nikamuuliza anakwenda kwa nani. Akasema kwa dada yake. Nikamwambia, dada yako hatatazama dari.

Sasa nakuaga. Nimeacha hasira yangu hapa kwenye karatasi, ya ile namba uliyonificha, sitaidai tena. Ninachokuomba wewe ni msamaha wa kicheko kile cha juu ya paa. Si ukuta, si zile saa sitini na mbili. Kicheko. Pumzika, Shemeji yangu, wewe uliyemfunika mama yangu mvua miaka tisa.

Na ninakuahidi hili. Nadine amekubali nimlete Yvan Columbus aone ulipolala. Tulipokuwa tunarudi, karibu na Erie, mlango mmoja wa kabati la vyombo ulikatika bawaba, sahani mbili zikavunjika. Bawaba mpya ninayo, iko mezani hapa ninapoandika. Siiweki. Nikianza na bawaba nitaona kabati, nikiona kabati nitaona ukuta wa nyuma yake. Tunaondoka na trela hilo hilo Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa kabati ukiwa umefungwa kwa kamba.

Shemeji yako,
Melkiadi